Velveti ya Sanduku na Picha Isiyo na Viatu

Nyinyi mnaoniletea kamera huku Kiamunyi, someni hii kwanza ndipo mpige hodi. Nimechoka kujibu swali moja kila siku kwenye simu: "Shosho, sponji ya kamera unatoa wapi?" Mmoja ananiuliza nikikamua ng'ombe, mwingine nikiwa kanisani, na wote wanataka jibu la mstari mmoja. Jibu la mstari mmoja halipo. Nilifungua na kufunga kamera za watu mjini Nakuru kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza nikitafuta vitu vya kuzibia mwanga. Nitawaambia nilivipata wapi. Nitawaambia pia habari ya kipande kimoja cha sponji, kirefu kama kidole changu cha mwisho, kilichoharibu picha za harusi ya binti mmoja wa Dundori. Kosa lilikuwa langu, nami nilinyamaza miaka yote hiyo huku binti huyo akiniletea viazi vya shukrani.

Kwanza muelewe tunaziba nini. Filamu haitaki kuona mwanga mpaka siku ya kuoshwa, ila ule mdogo unaopita kwenye lenzi unapobonyeza. Mlango wa nyuma wa kamera unaingia kwenye vijifereji viwili, cha juu na cha chini, na upande mmoja una bawaba. Hapo pote kiwandani walitia sponji nyeusi. Sisi mafundi tuliiita sili, kama vile makanika wanavyoita mipira ya injini. Sponji hiyo haijali kama kamera ilifanya kazi au ililala kabatini. Ikizeeka inageuka kuwa kitu cha kunata kama lami ya barabarani siku ya jua kali, kisha inamomonyoka, kisha mwanga unaingia. Unapiga picha ya shangazi, inarudi ikiwa na mstari wa rangi ya chungwa usoni. Halafu unalaumu filamu, unalaumu waliokuoshea, unalaumu hata shangazi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, fundi wa saa na kamera aliyekuwa na meza nyuma ya studio niliyoajiriwa. Mimi nilikuwa wa kaunta tu. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wateja kwenye bahasha na kuwaambia picha zitakuwa tayari Alhamisi, hata kama zilikuwa tayari Jumanne. Siku moja mama aliyekuwa akimsaidia aliolewa akaenda Kericho, na mzee akaniuliza kama mikono yangu inatetemeka. Nikasema haitetemeki. Akanipa kamera yenye sponji iliyooza, njiti ya kiberiti iliyochongwa, pamba na chupa ya spiriti, akaniambia nitoe uchafu wote mpaka nione chuma.

Nilitoa vizuri sana. Kisha, kwa furaha yangu, nikapuliza vumbi kwa mdomo. Makombo yote yakaingia ndani ya shata, yale mapazia membamba yanayofunguka filamu ipate picha. Mzee Barasa alikaa siku mbili akiyatoa moja moja na kibano chake cha saa. Hakupandisha sauti. Aliponirudishia kamera alisema, "Mama, mdomo ni ya chakula na maneno. Kwa kamera hatupulizi." Tangu siku hiyo sikupuliza tena hata chai.

Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza, na nyinyi wa video za mtandaoni mnalipita mbio. Kabla ya kukwangua, funika shata kwa kipande cha karatasi, ukibandike kidogo pembeni ili kisiteleze. Lowesha pamba kidogo, usiimwagilie spiriti kama unanyunyizia kabichi. Kwangua kutoka ndani kwenda nje. Kuna kijana mmoja wa mtaa wa Section 58 aliyesafisha kwa petroli. Rangi ya kamera ilitoka pamoja na sponji, na herufi za nambari zikafutika. Alipoileta kwangu alikuwa anakumbuka kwa kichwa tu ni wapi pa kuzungushia. Sikumcheka mbele yake.

Sasa vitu vyenyewe. Kwa vile vijifereji vya juu na chini, kitu bora kuliko vyote kwa bei ya watu wa kawaida ni uzi wa sweta. Nilipokuwa nikiishi Section 58, jirani yangu alikuwa mama wa mashine ya kufuma, anashona sweta za shule, na mabaki ya uzi yalijaa mlangoni mwake. Unakata urefu wa mfereji, unaweka gundi chembe mbili tatu tu, unaulaza uzi kwa ncha ya kijiti cha meno. Uzi una manyoya, na manyoya ndiyo yanayokamata mwanga. Lakini uzi mpya hutoa nyuzinyuzi, kwa hiyo uuvute mara kadhaa kati ya vidole vyenye unyevu kabla ya kuuweka. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Picha za siku ya zawadi ya shule fulani zilirudi na unywele mmoja mweusi kwenye kila picha, mahali pamoja, na katika picha ya kundi ulikaa sawasawa kwenye kidevu cha mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa mama. Alikuja mwenyewe dukani na picha hiyo, akaiweka kaunta, akaniangalia mpaka nikainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Nilijaribu mipira ya milango ya gari kutoka kwa wale wanaovunja magari ya ajali. Migumu mno. Nilisukuma mlango wa kamera ufunge kwa nguvu na kibanio kikakatika. Nilijaribu soli za malapa, zile nyeusi. Zinakatika vizuri, zinapendeza kwa macho, lakini hazibonyei. Sili isiyobonyea inaacha nafasi, na mwanga unatafuta nafasi hiyo hiyo. Siku hizi maduka ya vitabu yanauza karatasi za sponji za watoto wa nasari kukata maua na herufi. Nyeusi yake nyembamba ni nzuri. Ingekuwepo zama zetu, nusu ya hadithi hii isingekuwepo. Kile kitambaa cha mpira mnachowekea mausi ya kompyuta kinafaa kwa pale kioo cha ndani kinapogonga kikipanda juu, mradi kisiwe kinene.

Na mkikata kipande chenye gamu nyuma, kilambeni kwanza. Ndiyo, kwa ulimi. Gamu ikilowa mate haishiki mara moja, unapata nafasi ya kukisogeza mpaka kinyooke, kisha mate yakikauka kinashika. Hilo ni la Mzee Barasa, na aliyeona kinyaa ashone nguo.

Pagumu ni kwenye bawaba. Pale mlango unapogeuka, uzi hauzibi. Panahitaji kitu laini chenye manyoya mafupi yaliyosimama, kisichochakaa haraka. Mzee Barasa alitumia kofia yake. Alikuwa na kofia nyeusi ya sufu nzito, ya ukingo mpana, na kila kamera ilipokuja ikiwa na ubaya wa bawaba aliivua, akakata kipande cha ukingo, akaivaa tena. Wateja wa zamani walijua wingi wa kazi zake kwa kutazama kichwa chake. Alipostaafu akarudi kwao Bungoma, kofia ilikuwa imebaki kibakuli tu. Meza aliniachia mimi, na kibano, na chupa ya spiriti. Kofia alienda nayo.

Nilizunguka mji mzima kutafuta kitu cha mfano wake. Wauza vitambaa walikuwa na velveti, ile mahameli ya watu wa Kiswahili sanifu, lakini nyembamba, inatoa manyoya ukiigusa. Mwishowe nilipata nzuri kwa Kiprono, na Kiprono alikuwa fundi wa masanduku ya kuzikia. Kibanda chake kilikuwa njiani kwenda hospitali. Wateja wake wengi walipenda nyeupe au zambarau ndani ya sanduku, lakini nje, pembeni mwa kifuniko, alizungushia utepe wa velveti nyeusi nzito, yenye mgongo mgumu. Nilipoigusa nilijua nimefika. Kiprono aliniuliza nina msiba wa nani. Nikamwambia nina kamera. Alicheka mpaka akaweka randa chini, kisha akanijazia mfuko wa mabaki.

Velveti hiyo ilinitumikia miaka. Niliitia kwenye kamera za wapiga picha wa mahafali, wa mbuga, wa mashamba ya maua kule Naivasha, na hakuna aliyerudi kulalamika. Pia hakuna aliyeuliza ilitoka wapi, nami sikuona sababu ya kusema.

Hapo ndipo ninapofikia Mwaura. Alikuwa mpiga picha wa harusi na mazishi, mtu wa suti moja ya kijivu na kamera moja nzuri, na aliishi kwa kamera hiyo. Nilikuwa nimemzibia bawaba miezi kadhaa nyuma kwa velveti ya Kiprono. Siku hiyo, Ijumaa mchana, aliingia dukani akaiweka kamera kwenye kaunta polepole, akaondoa mikono yake juu yake kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Alikuwa ametoka kwa Kiprono kumpigia picha za kazi zake. Kiprono, kwa ucheshi wake, alimwambia kwamba sanduku na kamera ile wanavaa nguo moja.

"Mama Gathoni, toa hiyo kitu," akasema. "Kesho niko na harusi Dundori. Baba ya msichana ni mgonjwa, hata kanisani hatafika, wanafanya haraka ndio aone. Nikimpiga picha na kitambaa ya sanduku halafu aende, mimi nitaambia hao watu nini?"

Nilimwambia kitambaa hakijui kinakoelekea. Kinakatwa kutoka jora moja, kingine kinakwenda kwa sanduku, kingine kwa kamera, kingine kinabaki sakafuni. Hakutaka kusikia. Tena aliongea kwa sauti na wateja wawili walikuwa pale. Nilikasirika. Nasema wazi, kwa sababu hasira ndiyo iliyofanya kazi mchana ule, si mimi. Niling'oa velveti nzima nzima mbele yake. Nilitoka nje, nikachukua kipande cha sponji ya godoro kwa jirani aliyekuwa akitengeneza viti vya sofa. Ilikuwa ya manjano hafifu. Nikaenda kwa mng'arisha viatu wa pale mlangoni, nikaomba polishi nyeusi, nikaisugua mpaka ikawa nyeusi. Nikakata, nikabandika, nikafunga mlango. Mwaura alikuwa akigongagonga pete yake kwenye kioo cha kaunta.

Kuna jambo moja sikufanya. Kila kamera iliyotoka mezani kwangu ilikuwa ikipita mtihani wa jua. Unaingia chumba cha giza, unakata kipande cha karatasi ya kuchapia picha, unakilaza ndani ya kamera mahali pa filamu, unafunga. Kisha unaitoa nje, unaiweka juani nusu saa, ukiigeuza kila upande, mgongo, tumbo, kichwa. Ukiosha karatasi ile ikabaki nyeupe, kamera iko salama. Ikiwa na mstari mweusi, mstari unakuonyesha ni wapi. Nusu saa tu. Mzee Barasa hakuwahi kuiruka hata mteja akiwa polisi. Mimi niliiruka kwa sababu nilitaka Mwaura aondoke machoni pangu.

Mngeniuliza wakati ule ningewaambia sponji ya godoro ikipakwa polishi ni nyeusi. Ni nyeusi kwa juu. Ndani imebaki ile ile ya manjano, yenye mashimo, na ikibanwa na bawaba inatanuka, na mwanga unapita ndani yake kama maji kwenye chujio.

Picha zilirudi kutoka kwa mashine ya kuchapia Jumanne. Za kanisani zilikuwa safi, kwa sababu kanisani hakuna jua. Za nyumbani, zilizopigwa nje uani mchana kweupe, kila moja ilikuwa na mstari mpana wa chungwa upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini. Nilizipanga mezani ndipo nikaona ubaya wenyewe. Baba wa bibi harusi alikuwa amewekewa kiti karibu na ukuta wa nyumba, apate kuegemea, na hakuweza kuhamishwa. Watu walikuwa wakija kwake kwa zamu: wana wake, wajukuu, kina mama wa kanisa, upande wa bwana harusi. Kila kundi lilipanga mstari kuanzia kwenye kiti chake kuja kulia. Kwa hiyo mzee alikuwa kushoto katika kila picha, na katika kila picha mstari ulimpitia usoni. Watu wote walionekana wakicheka pembeni mwa moto.

Nilivuta kiti.

Nilipitia vipande vyote vya filamu juu ya kioo chenye taa, kimoja kimoja. Kulikuwa na picha moja ambayo Mwaura alisimamisha kamera wima. Nadhani hakuwa ameipanga. Binti, jina lake Nyokabi, alikuwa ameinama katika gauni lake jeupe akimfunika baba yake blanketi magotini, na baba yake alikuwa amemshika mkono wa juu, kama mtu anayetaka kumwambia kitu. Kwa kuwa kamera ilikuwa wima, mstari haukuangukia kushoto. Uliangukia chini, kwenye nyasi na kwenye miguu yao. Nyuso zilikuwa safi. Nilienda mwenyewe kwa mwenye mashine, nikasimama naye, tukakata sehemu ya chini na kuikuza iliyobaki. Ikatoka nzuri, nzuri kuliko picha yoyote ya Mwaura niliyowahi kuiona. Ila mzee hana miguu. Anaishia chini kidogo ya magoti, pale blanketi linapoisha.

Mwaura alipoona zile nyingine hakunitukana. Alizirudisha kwenye bahasha, akaishika ile moja, akaniambia atazipeleka Dundori mwenyewe. Kabla ya mwisho wa mwezi huo mzee alifariki.

Nilienda mazishi. Sijui nilienda kutafuta nini. Sanduku lilitoka kwa Kiprono, na utepe mweusi nilioujua vizuri ulikuwa umezunguka kifuniko. Juu yake waliegemeza ile picha, imetiwa fremu. Wakati wa watu kuitwa kwa makundi kupiga picha na marehemu, kama ilivyo kawaida yetu, watoto, wajukuu, chama, wazee wa kanisa, Mwaura alikuwa pale na suti yake ya kijivu akipiga. Kamera ilikuwa na velveti tena. Alikuwa ameirudisha mezani kwangu siku tatu baada ya zile picha kutoka, akasema tu, "Weka ile," nami nikaiweka, na mara hiyo nikaipeleka juani nusu saa kamili.

Wiki iliyofuata Nyokabi alikuja dukani na debe la viazi. Alinishika mikono yote miwili. Alisema ameambiwa mimi ndiye niliyeikata ile picha na kuikuza, na bila hiyo asingekuwa na picha ya yeye na baba yake siku ile, maana zingine ziliharibika. Mwaura alikuwa pale kaunta akinunua filamu. Nilimwangalia, naye akaangalia filamu. Nikasema, "Pole sana, na asante." Nikabeba viazi.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna, akaleta tena. Na uliofuata. Studio ilifungwa watu walipohamia kamera za kidijitali na kisha simu, nikahamia Kiamunyi kulima na kufuga, na bado viazi vya Dundori vilinifuata. Mwaura alifariki. Kila debe lilipofika nilijiambia nitamweleza safari ijayo, nikisha kula hivi. Vinapikika vizuri vile viazi, vinapasuka, na ninawaambia ukweli, nilivila kila mwaka nikiwa na aibu na sikuviacha.

Mwezi uliopita walikuja wawili, Nyokabi na binti yake Shiku. Shiku ni kama nyinyi. Ana kamera ya filamu aliyoipata kwenye mitumba, na aliileta ikiwa na lami tupu pande zote. Nilimuuliza ana haraka ya nini. Akasema anataka kumpiga picha shosho yake, mama yake Nyokabi, ambaye sasa amezeeka sana na siku nyingine hajui nani ni nani. Anataka filamu, si simu, kwa sababu kwa simu watu wanapiga mia halafu hawaangalii hata moja.

"Shosho si wa kungoja," akasema. "Ikiharibika hii, sijui kama kutakuwa na ingine."

Nilianza kukwangua. Shiku alikaa pembeni akipiga picha za mikono yangu kwa simu, akiuliza hiki ni nini, hiki unatoa wapi. Yeye ndiye aliyenishauri niandike haya mara moja niache kusumbuliwa. Nilitia uzi juu na chini. Nilipofika kwenye bawaba nilifungua kopo langu. Ndani kulikuwa na karatasi za sponji za watoto wa nasari, mpya, na chini yake kipande cha mwisho cha velveti ya Kiprono, kilichobaki tangu zama zile. Nilikaa nimeshika vyote viwili. Nyokabi alikuwa dirishani akiangalia ng'ombe wangu.

Nikasema. Sikujiandaa, ilitoka tu. Nikamwambia, "Mama Shiku, zile picha za harusi yako hazikuharibiwa na filamu. Ni mimi. Mwaura aliogopa kitambaa cha sanduku, nikakitoa kwa hasira, nikaweka sponji ya godoro, na sikupima. Kila picha ya baba yako niliichoma mimi."

Shiku aliacha kupiga picha. Nyokabi alijibu akiwa bado anaangalia ng'ombe.

"Najua, Mama Gathoni," akasema. "Mwaura alinieleza yote siku alileta ile moja. Hata kitambaa alinieleza. Alilia kwetu jikoni."

Nilimuuliza, kama alijua, viazi vya miaka yote vilikuwa vya nini.

"Viazi ni ya ile picha ulitoa," akasema. "Hizo zingine nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Umekaa sana."

Nililia, na sioni haya kuiandika. Nyokabi aliniacha nilie. Hakunishika mkono wala hakusema si kitu, maana kilikuwa kitu. Nilipomaliza alikuja mezani, akaangalia vile vipande viwili, akaniuliza kizuri ni kipi. Nikamwambia vyote vinaziba, lakini velveti inadumu. Akamgeukia binti yake, akamwambia wazi kwamba hiyo ni nguo ya sanduku, aseme kama anaogopa. Shiku akasema, "Niogope nini? Shosho mwenyewe amenunua sanduku kitambo, liko kwa store." Hapo tulicheka wote watatu, na Nyokabi ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Niliikata kwa wembe mpya, nikaibandika kwa gundi nyeupe ya seremala, nikaacha ikauke. Sina chumba cha giza tena, kwa hiyo tulitumia choo cha nje na mablanketi mlangoni, na karatasi ya zamani iliyokuwa imebaki kwenye sanduku langu. Tuliweka kamera juu ya jiwe uani. Nusu saa. Shiku alitaka kuitoa baada ya dakika kumi, nikamwambia akae chini. Tuliigeuza mgongo, tumbo, kichwa. Karatasi ilipooshwa ilikuwa imezeeka kidogo na kuwa na rangi ya kijivu, lakini haikuwa na mstari hata mmoja.

Jumamosi iliyopita Shiku aliniletea picha. Shosho ameketi kwenye kiti uani kule Dundori, karibu na ukuta ule ule, na Nyokabi amesimama nyuma yake. Shiku aliniambia kwamba alipoinua kamera, mama yake alimzuia, akamwambia arudi nyuma hatua mbili. Alirudi. Akamwambia arudi tena moja.

"Nikamuuliza kwa nini," Shiku akaniambia. "Akasema tu, viatu zionekane."

Vinaonekana. Ni viatu vyeusi vya kanisani, vimepigwa polishi, na kimoja kamba yake imefunguka.